Makunyanzi ya Koko Victoire

Asubuhi Lambert alipofungua karakana yake, alikuta plasta aliyoijaza jana kwenye uso wa kile kichwa cha sanamu imemwagika yote mezani, imekuwa unga, na makunyanzi yamerudi mahali pake kana kwamba hakuna mtu aliyeyagusa. Hakushtuka. Plasta ina vituko vyake, hasa ikikutana na mvua za Februari, na fundi aliyeizoea hawezi kumwamsha mkewe kwa jambo dogo kama hilo. Alipangusa meza, akakoroga nyingine nzito zaidi, akaanza upya.

Karakana yenyewe ilikuwa gereji nyuma ya nyumba waliyopanga Malvern, upande wa pili wa maduka ya Jules Street. Humo Lambert, mtu wa Bukavu, alitengeneza simba, malaika na nguzo za plasta kwa ajili ya majumba ya kaskazini mwa Johannesburg, ambayo wenyewe wanapenda yafanane na Italia wasiyowahi kuiona. Alikuwa fundi hodari, hilo hakuna anayebisha. Malaika wake walikuwa na mashavu ya kutamani kuyafinya, na hakuna mteja aliyewahi kumwagiza malaika mzee.

Kile kichwa hakukinunua. Chuo kimoja cha sanaa kilikuwa kinafunga stoo yake, naye akaitwa kuchukua kalibu za nguzo. Kwenye kona, chini ya turubai, akakuta kichwa cha plasta cha bibi kizee. Macho yalikuwa yamezama, mashavu yameingia ndani, mdomo uko wazi na meno mawili tu, na shingo ni mishipa mitupu. Mwalimu aliyesimamia stoo alimweleza kwamba hiyo ni nakala ya kichwa cha marumaru kilichochongwa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Alisema watu wale waliijaza miji yao miungu isiyo na hata chunusi, halafu wakatokea mafundi wakaanza kuchonga wazee: wachungaji waliopinda migongo, bibi walevi, watu wenye vibiongo. Wasomi hawajakubaliana mpaka leo kama mafundi hao walikuwa wanawacheka wazee wao au wanawalilia. Mwalimu mwenyewe hakuwa na jibu. Alimwambia Lambert akichukue bure, maana hakuna aliyekitaka.

Lambert alikichukua kwa sababu kilifanana na mama yake.

Hilo hakulisema. Aliyelisema ni binti yake Inès, mtoto wa miaka minane, siku ileile kichwa kiliposhushwa kwenye pikapu. Inès alizaliwa hapahapa Johannesburg. Kiswahili anakielewa, ila anajibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alikitumia. "Koko," alisema, yaani bibi, akakikumbatia kile kichwa shavu kwa shavu. "Jambo, koko." Mama yake, Marcelline, aligeukia ukutani akajipangusa macho kwa kitenge.

Koko Victoire, mama yake Lambert, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Marehemu husemwa vizuri, lakini hapa tuseme kweli: alikuwa na sura mbaya. Mdomo wa chini ulikuwa umeangukia pembeni, jicho la kushoto lilikuwa jekundu siku zote na linatoa machozi, na makunyanzi yalimjaa mpaka ukashindwa kujua anacheka au analia. Kanisani watoto walimkimbia. Akina mama wakaanza kunong'ona lile neno ambalo kwetu limeshawatoa bibi wengi kwenye nyumba za watoto wao, ndoki, mchawi. Pasta Emery hakulitamka, lakini alimshauri Lambert ampumzishe mama, miguu yake imechoka. Tangu hapo Koko Victoire alibaki nyumbani kila Jumapili, na miguu yake haikuwa na tatizo lolote.

Mtu wake alikuwa Inès. Walilala kitanda kimoja. Bibi alitafuna tumbaku yake kwa ufizi, nya, nya, nya, na mtoto alipitisha vidole kwenye uso wake, kunyanzi baada ya kunyanzi, mpaka usingizi umchukue. Bibi alipozikwa, Inès aliulizwa na jirani kama koko wake hakuwa anamtisha. Mtoto alimshangaa yule jirani.

Sasa Pasaka ilikuwa inakaribia, na Lambert alikuwa ametangaza kwamba atazindua jiwe la kaburi. Desturi hiyo tumeikuta huku Afrika Kusini: kaburi likishatulia, jiwe linawekwa na kufunikwa shuka, watu wanaalikwa, shuka inafunuliwa, halafu watu wanakula. Kanisa zima lingekuja. Fundi wa sanamu hawezi kumwekea mama yake jiwe tupu, watu wangesema. Lakini Lambert hakutaka waliomkimbia mama yake waje wamkimbie tena mbele ya sahani za wali. Akaamua kukitumia kile kichwa cha Ugiriki, akifute makunyanzi kwanza, ndipo akitolee nakala ya simenti nyeupe.

Picha aliyoifuata ni ile ya matanga, ambayo kijana wa studio aliifuta makunyanzi mpaka Koko Victoire akafanana na mwimbaji wa kwaya. Nyingine zote zilikuwa kwenye simu ya Marcelline, iliyokwapuliwa kwenye stendi ya teksi mjini. Basi akajaza mashavu, akaufunga ule mdomo, akainua kope. Asubuhi plasta ilikuwa chini. Akarudia, na asubuhi ilikuwa chini tena.

Siku hizo umeme ulikuwa unakatwa kwa zamu jiji zima. Jioni moja taa zilizimika Marcelline akiwa jikoni anaosha sombe, kisamvu cha kwao, na katika ule ukimya unaoingia ghafla friji na televisheni za majirani zikinyamaza pamoja, akasikia kitu kinatafuna huko gereji, taratibu, kwa subira, nya, halafu kimya, halafu nya, nya, na harufu ya tumbaku ikapita chini ya mlango ikiwa imechanganyika na harufu ya plasta mbichi. Alibaki na majani mkononi. Lambert alikuwa mezani anatafuta kiberiti.

"Papa Inès," alinong'ona. "Kuko mutu mu gereji."

"Ni panya."

"Panya haitafunake vile. Ile ni ufizi. Mie ndiye nilikuwa namulisha mama yako, ile sauti naijua."

"Nyamaza, mutoto anasikia."

Mtoto alikuwa anasikia. Alikuwa amekaa sakafuni gizani na ameinamisha kichwa kidogo upande, anatabasamu kama mtu anayeitwa na anayemjua.

Lambert hakuwa mtu wa kuogopa haraka, alikuwa mtu wa kukasirika haraka, na hasira ndiyo iliyomponza. Alichukua mshumaa na tupa, ile kubwa ya kukwangulia nguzo, akaenda gereji. Hakujaza tena. Safari hii alikwangua. Alikwangua kingo za makunyanzi mpaka zikalingana na mabonde yake, akakwangua pua, akakwangua ile mishipa ya shingo, akang'oa yale meno mawili kwa tindo, na vumbi lilivyokuwa linapanda kwenye mwanga wa mshumaa lilinukia tumbaku, nguo za mzee, dawa ya kuchua, likamwingia puani na kooni mpaka akawa anakohoa na kukwangua, anakohoa na kukwangua, bila kujua anamtukana nani. Alipomaliza alipiga msasa. Halafu akapaka plasta nyepesi juu, akalainisha kwa kidole kilicholowa maji.

Asubuhi plasta ilikuwa imeshika. Uso ulikuwa mwororo, mdomo umefungwa, macho hayana kisa. Lambert alipiga mluzi. Alikuwa bado anapiga mluzi alipoingia jikoni na kumkuta Marcelline amemshika Inès kidevu, amemwelekeza dirishani.

Pembeni mwa mdomo wa mtoto palikuwa na mstari.

"Amelalia mukunjo ya shuka," Lambert alisema.

Mstari haukutoka mchana. Kesho yake ulikuwa na mwenzake upande wa pili, na chini ya macho pakaanza kukunjana, ngozi nyembamba, kama ya maziwa yaliyopoa. Jino likatoka, halafu lingine, na mwalimu wa shule akasema umri huo meno hutoka, msiwe na wasiwasi, lakini hakuna jipya lililochungulia. Zahanati walitoa krimu. Jicho la kushoto lilipoanza kuwa jekundu walitoa matone. Watoto wenzake shuleni wakaacha kumwita jina lake wakawa wanamwita gogo, ambalo ndilo neno la Kizulu la bibi, na wiki moja baadaye hawakumwita kwa jina lolote, walimkimbia. Marcelline akamtoa shule. Alimfunga kitambaa kichwani hadi kwenye nyusi na kumwingiza chumbani kila mlango ulipobishwa hodi.

Kilichomtisha zaidi Marcelline ni kwamba mtoto mwenyewe hakuogopa. Alimweleza mama yake, kwa Kiingereza chake cha haraka, kwamba koko amerudi kulala naye kwa sababu papa amemfungia nyumba, kwamba amechoka kusimama nje, na kwamba anaomba msamaha kwa kubana. Alisema hivyo kisha akalala. Marcelline alikaa kando ya kitanda ameshika mkono wa mwanawe, umeme umekatwa tena, na gizani akaisikia ile sauti, nya, nya, nya, karibu sana safari hii, akageuza uso polepole, akainama, akaweka sikio lake juu ya mdomo wa mtoto aliyelala fofofo, na ndimo sauti ilimokuwa inatoka.

Hakupiga kelele. Alimfunika mwanawe vizuri, akaenda kumwamsha mumewe, wakakaa ukumbini hadi kulipokucha.

Pasta Emery aliitwa. Alikuja na wazee wawili wa kanisa, akaomba kwa sauti kubwa akiwa mlangoni, lakini mtoto alipofunuliwa kile kitambaa, yeye alirudi nyuma akamkanyaga mzee mmoja. Baadaye, langoni, alimshika Lambert bega. Akamshauri mtoto apumzike nyumbani Jumapili, mpaka hapo Mungu atakapoonyesha njia.

Lambert alisimama langoni hata baada ya gari la pasta kukata kona. Maneno yale aliwahi kuyasikia na aliwahi kuyakubali, na sasa yamerudi yanamtaka binti yake. Aliumia, tena sana, kuliko alivyoumia siku ya kumzika mama yake.

Marcelline ndiye aliyekwenda kumleta Salum. Huyu alikuwa Mrundi wa Buyenzi, Mwislamu, fundi cherehani wa Jules Street, na Wakristo wetu walimfuata kwa mlango wa nyuma kila walipozidiwa na majini, halafu Jumapili wanampita kama hawamjui. Hakuwa na kinyongo. Alikuja mchana na utepe wake wa kupimia bado uko shingoni. Alimwangalia mtoto, akamsalimu kwa heshima anayosalimiwa mtu mzima, akaomba kuonyeshwa karakana. Mlangoni alinusa. Halafu akakiona kile kichwa.

"Nani amempiga pasi huyu?" aliuliza.

Lambert alimweleza yote. Hakuficha hata picha ya matanga.

"Ustadhi, ni mama eko anatutesa?"

"Mama yako amelala, mwache," Salum alisema. Alikuwa anaongea chini chini, kama watu wanavyoongea kwenye chumba cha mgonjwa. "Huyu ni mwingine. Jini hana sura, Papa Inès. Anatafuta sura iliyotazamwa sana, anaingia humo anakaa. Fundi wa zamani aliyemchonga yule bibi alimtazama mpaka akammaliza, hakuruka hata tundu moja. Jini akaona pamekamilika. Amekaa miaka yote hiyo, akafuata mpaka kwenye nakala, hasumbui mtu. Akaja kwako, na mtoto akamsalimu, akamwita koko. Jini akipewa jina amekuwa wa nyumba hiyo, akaivaa sura ya koko mwenyewe. Halafu wewe ukachukua tupa."

"Nilikuwa nataka bamuone muzuri."

"Najua. Sasa amehamia kwa yule aliyempa jina. Kule pana nafasi."

Marcelline alikuwa mlangoni. "Atatoka, ustadhi?"

"Atatoka akirudishiwa nyumba yake. Fundi yuko hapa, vifaa viko hapa. Lakini mama, sitakudanganya, jini hatoki mikono mitupu. Atabeba nini mimi sijui."

Lambert hakungoja Salum aondoke. Alikoroga plasta, akashika patasi, akachonga mchana wote uliobaki. Alijua kuchonga mikunjo, alishachonga mingi kwenye vipaji vya nyuso za simba, basi akamwekea kile kichwa mikunjo ya paji, mikunjo ya mashavu, akakunja shingo, na kwa macho ya fundi mwingine yeyote ilikuwa kazi safi. Jioni uso wote ulibanduka kipande kimoja ukavunjika sakafuni. Chumbani Inès alikuwa ameanza kutetemeka mikono, na Marcelline alipomfungua kitambaa akakuta nywele za mbele zimekuwa nyeupe, na mtoto akamwomba, kwa sauti iliyokuwa imekauka na kuchoka, amsaidie kugeuka upande wa ukutani.

Lambert alimkimbilia Salum, akamkuta anafunga duka.

"Umechonga uzee," Salum alimwambia baada ya kumsikiliza. "Uzee wa mtu yeyote. Mama yako alikuwaje?"

Lambert alifungua mdomo. Alikumbuka vitenge vya mama yake, namna alivyokohoa, kikombe chake. Uso hakuuona. Aliona ile picha ya matanga tu, ikimchekea. Miaka yote aliyoishi naye nyumba moja alikuwa anaongea naye huku ameangalia mlango, ama simu, ama sahani, na sasa alisimama kando ya barabara, teksi zinapita, mwanaume mzima, akalia.

"Sikumuangaliaka, ustadhi," alisema. "Nilikuwa naona haya."

Salum alimwacha alie. "Basi nenda kamwangalie," alisema baadaye. "Uso upo nyumbani kwako. Mtoto anao."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Jirani zao wote walikuwa kanisani, na nyimbo zilisikika kutoka jengo la pili, ngoma na kinanda. Lambert alitoa meza uani, akaweka kile kichwa juani, akamwekea Inès kreti ya soda na mto juu yake. Marcelline alikaa nyuma ya mtoto akamwegemeza kifuani. Alipomvua kitambaa, Lambert aliangalia chini kwa mazoea.

"Papa Inès," Marcelline alisema. "Angalia."

Akaangalia. Mwanzoni aliweza kwa muda wa kupumua tu, kisha macho yakamtoroka. Mtoto wake alikuwa humo, na hakuwemo. Lakini mkono wa fundi una adabu yake, ukishashika patasi unataka kujua mstari unaanzia wapi na unaishia wapi, na polepole mkono ukamlazimisha. Alianza na paji la uso. Mikunjo haikuwa imelala sambamba kama ya simba wake. Wa juu ulikatika katikati na kuanza tena chini kidogo, pale ambapo kamba ya kubebea mizigo ilikaa, maana mama yake alibeba mizigo Bukavu tangu usichana, kamba kipajini, mgongo umeinama. Alichonga ile nafasi. Alipoinua macho, paji la Inès lilikuwa jororo.

Marcelline aliona pia. Akamkaza mtoto.

Akaendelea. Kadiri alivyochonga ndivyo alivyozidi kuona, na kadiri alivyoona ndivyo ilivyokuwa vigumu kuacha, kwa sababu chini ya jicho la kushoto palikuwa na mfereji mdogo uliochimbwa na machozi yasiyokauka, na mfereji ule ulipinda kwa sababu mzee alikuwa anaufuta kwa mgongo wa mkono kuelekea sikioni, na kwenye shavu palikuwa na shimo la jino lililong'olewa bila daktari njiani walipokuwa wanakimbia vita, na kando ya macho palikuwa na vijistari vingi vimetawanyika, vya kicheko, vicheko vingi, mama yake alikuwa amecheka sana katika maisha yake na yeye hakuwahi kujua, na kila kimoja alipokipata sawasawa kilitoka kwenye uso wa binti yake, na kile alichokikosea kilibaki palepale kinamngoja akirudie.

Saa hizo ndipo alipomkumbuka yule mwalimu wa stoo na swali lake. Lambert alikuwa na jibu, ingawa hakuna aliyemuuliza. Mtu anayecheka hawezi kukaa mbele ya uso wa mzee muda wote huo. Kicheko kinaisha kabla hujamaliza jicho la kwanza. Yule fundi wa Ugiriki, aliyemchonga bibi asiye na meno wakati wenzake wanachonga miungu, alikuwa na mtu wake.

Jua lilipohamia ukutani, ulibaki mdomo.

Hapo mkono ukasimama. Watu walidhani ule mdomo uliangushwa na kiharusi, na Lambert aliwaacha wadhani hivyo. Yeye alikuwepo ulipoanguka. Mteja mmoja wa kaskazini alikuja kuchagua simba, na Koko Victoire akatoka na sinia la chai, amevaa kitenge chake kizuri, apate kumwona mtu anayenunua kazi ya mwanawe. Mteja alishtuka. Akauliza kwa Kiingereza huyu ni nani. Lambert akajibu kwamba ni mama mmoja anayesaidia kufagia. Koko Victoire hakujua Kiingereza hata neno, lakini alikuwa anamwangalia mwanawe usoni wakati anasema. Aliweka sinia chini. Mdomo wa chini ukateleza pembeni, kidogo tu, kama wa mtu aliyetaka kusema jambo akaliacha, na haukurudi tena.

Sasa ulikuwa kwenye uso wa Inès, unamwangalia.

"Mama," Lambert alisema. Hakujua anamwambia nani. "Mama, unisamehe."

Mtoto alipumua kwa shida, nya, nya, na Marcelline akamwambia mumewe kwa sauti ya chini kabisa, "Malizia." Akamalizia. Alikata ule mteremko wa mdomo kwa mkato mmoja mrefu, akauacha wazi, bila kuusawazisha. Harufu ya tumbaku ilipanda pale uani, kali, ikawazunguka wote watatu kama mtu anayeaga mkono kwa mkono, halafu ikawa haipo. Inès aliangusha kichwa kwenye kifua cha mama yake akalala, na uso wake ulikuwa wa mtoto.

Salum alipita jioni. Alikiona kile kichwa kikiwa mezani gereji, akasimama mbele yake muda mrefu, akakisalimu kwa heshima ileile. Hakukaa kula.

Asubuhi Inès aliamka na njaa. Alikunywa chai, akala mkate, akauliza kama anarudi shule. Nywele zake zilikuwa nyeusi. Marcelline alimgusagusa mashavu mpaka mtoto akakereka akamsukuma mkono.

"Na koko?" Marcelline alimuuliza kwa tahadhari. "Usiku alikuja?"

Inès alimwangalia mama yake bila kuelewa. Akauliza, kwa Kiingereza, koko yupi.

Marcelline alidhani ni usingizi. Akamtajia kitanda walichokuwa wanalala wawili, tumbaku, hadithi za Bukavu. Mtoto alisikiliza kwa adabu kama anayesimuliwa habari za watu wa mbali. Marcelline akakumbuka kwamba jini hatoki mikono mitupu, na mtoto alipoona mama yake ameanza kulia akaacha mkate na kwenda kumtafuta baba.

Lambert alikuwa gereji, amekaa mbele ya kile kichwa tangu alfajiri. Inès alifika mlangoni akasimama. Halafu akajificha nyuma ya mguu wa baba yake, akakunja uso. Aliuliza yule bibi mbaya ni nani. Aliuliza kama wanaweza kumfunika.

"Ni koko yako," Lambert alisema. "Kuja, umuguse." Alimshika mkono akausogeza taratibu kwenye shavu la plasta, kwenye vile vijistari vilivyotawanyika. Vidole vilipogusa tu, mtoto aliunyakua mkono akaufuta kwenye gauni.

Lambert hakumlazimisha tena. Alikaa sakafuni kwenye vumbi ili alingane naye kimo, akaanza kumweleza, kwa Kiswahili, polepole, mambo ambayo hadi jana ni mtoto ndiye aliyekuwa anayajua na yeye hayajui. Alianza na paji la uso, pale palipokaa kamba, mizigo iliyokuwa inabebwa na mwinuko wa kutoka ziwani. Akashuka kwenye shavu, kwenye shimo la jino na safari ya usiku ule. Alipofika kwenye jicho la kushoto aligeuka amwonyeshe ule mfereji, lakini Inès alikuwa ameshatoka nje kucheza.